Mhudumu mzoefu, vyumba vimepungua idadi na ubora. Nizungumze naye vipi kabla ya barua ya onyo?

supavaiza_wa_tatu

Wadau, habari za kazi. Naomba mawazo ya watu wa hoteli na wa rasilimali watu.

Ni hoteli ya mjini Dar, vyumba 78. Wageni wengi ni wa kikazi, wengine hulala usiku mmoja tu wakisubiri boti ya kwenda Zanzibar. Kiwango chetu ni kusafisha vyumba 13 kwa kila mhudumu wa vyumba, shifti ya saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kuna mhudumu, hapa tumwite Mama Zai, ana miaka 9 pale na karibu nusu ya wenzake kazi wamefundishwa naye. Tangu Machi siku nyingi anamaliza 9 au 10. Vinavyobaki anasukumiwa mwenzake, na mwenzake ameshaanza kununa. Juu ya hapo, mwezi uliopita wageni wamelalamika mara 5 kuhusu nywele bafuni, zote kwenye vyumba vyake.

Alishaitwa ofisini kwa meneja. Akaambiwa ajirekebishe, akajibu "sawa bosi, nitajitahidi." Siku nne mambo yakawa mazuri, ya tano yakarudi pale pale. Sasa meneja anataka barua ya onyo itoke wiki hii. Msimamizi wake ni mimi, nina miaka 27. Yeye ana umri wa mama yangu, kila asubuhi naanza kwa kumwamkia. Ninachotaka kujua ni mazungumzo yenyewe yanavyoendeshwa: nianze na neno gani, niseme nini, ninyamaze wapi, nifuatilie vipi. Nadharia za semina ninazo za kutosha.

Bi_Fagio

Mwanangu, kabla ya kufungua mdomo chukua kalamu. Hicho kiwango cha 13 kinategemea ni vyumba gani.

Shifti yako ni saa 8. Toa saa 1 ya chakula, ambayo ni haki yake, zinabaki dakika 420. Toa 20 za kikao cha asubuhi na kupokea funguo, toa 20 za kufunga kazi, kumwaga takataka na kupanga troli ya kesho. Zinabaki 380. Chumba ambacho mgeni ametoka kabisa, yaani chekauti, kwa hoteli ya daraja la kati, kinataka kama dakika 40. Chumba ambacho mgeni bado yupo kinataka kama 20. Sasa piga hesabu: vyumba 6 vya chekauti ni dakika 240, vyumba 7 vya mgeni anayeendelea ni 140. Jumla 380. Hapo 13 inatoka sawasawa, bila hata dakika moja ya kusubiri lifti.

Mpe sasa chekauti 10 na vya kuendelea 3. Hiyo ni 400 na 60, jumla 460. Amezidiwa dakika 80 na hajakaa chini. Mtu wa namna hiyo atafanya moja kati ya mambo mawili. Ama ataacha vyumba viwili vitatu, ama atamaliza vyote kwa kuruka hatua. Hatua ya kwanza kurukwa siku zote ni bafu, kwa sababu kitanda kinaonekana mlangoni na bafu halionekani.

Kwa hiyo chukua karatasi za mgawo wa vyumba za siku 14 zilizopita. Kwa kila siku andika chekauti zake, vya kuendelea vyake, alivyomaliza, na malalamiko kama yapo. Fanya hivyo hivyo kwa mwenzake wa ghorofa hiyo hiyo. Kazi ya nusu saa tu. Halafu ulizia dobi mashuka yanapanda saa ngapi. Hoteli inapaswa kuwa na angalau seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja dobi, moja stoo. Zikiwa mbili, mhudumu anavua kitanda saa 4 halafu anasubiri shuka hadi saa 6, na kwenye karatasi yako inasomeka "mzito".

Ukishapata hizo namba rudi hapa. Ukienda bila namba utakwenda na hasira za meneja.

afisa_wa_watu

Bi Fagio amemaliza upande wa karatasi. Mimi niseme upande wa mdomo.

Siku na mahali kwanza. Usimwite siku ambayo malalamiko yameingia, wala Ijumaa jioni akaenda nayo nyumbani siku mbili. Usimwitie ofisi ya meneja, maana huko alishakwenda na anajua kinachofuata. Tumia chumba kitupu au stoo ya mashuka wakati hakuna watu, viti viwili, meza isiwe katikati. Kama wewe ni mwanaume, acha mlango wazi kidogo. Mwambie mapema asubuhi, wewe mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: "Mama, saa 8 mchana nakuomba dakika ishirini tuongee kuhusu vyumba vya ghorofa ya tatu. Sina barua yoyote." Hayo maneno matatu ya mwisho yana kazi kubwa. Asipoyasikia atashinda siku nzima akijiandaa kujitetea. Na hizo dakika 20 mpunguzie chumba kimoja siku hiyo, la sivyo umemchelewesha halafu unamuuliza kwa nini anachelewa.

Kitu ambacho hakifai kabisa ni kundi la WhatsApp la idara. Supavaiza anapiga picha ya nywele kwenye sinki, anatuma kundini na alama ya kuuliza. Hakuandika jina, lakini namba ya chumba inaonekana na kila mtu anajua ni cha nani. Kuanzia hapo hamzungumzii tena usafi, mnazungumzia fedheha. Kikao cha asubuhi nacho kina ugonjwa huo huo: "kuna watu hapa siku hizi wanajisahau." Hayo ni mafumbo. Anayelengwa anasikia tusi, asiyelengwa anasikia umbea, na hakuna aliyeambiwa afanye nini.

Sasa kikao chenyewe. Mwamkie kama kawaida yako. Heshima ya umri haikuzuii kusema, ila isiwe kichaka cha kujificha. Wasimamizi vijana huzunguka sana na wakubwa: afya, watoto, mvua, "unajua mama wewe ni kama mzazi wetu", robo saa imekwisha, jambo limesemwa kwa sentensi moja tena kwa kucheka. Anatoka hajui kama ameonywa au amesalimiwa. Ndani ya dakika mbili za mwanzo awe ameshasikia jambo lenyewe, kwa namba, bila kivumishi:

"Katika siku (taja idadi) ulizoingia, siku (taja idadi) tumefunga na vyumba 9 au 10 kati ya 13. Wageni wa vyumba hivi vitano wametaja nywele bafuni. Nataka tuelewe pamoja kazi inakwama wapi. Wewe unaionaje?"

Halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: anauliza, sekunde mbili kimya, anaogopa, anajijibu mwenyewe. "Au ni uchovu mama? Eeh, najua kazi ni ngumu." Naye anaitikia "ndiyo bosi, uchovu", kwa sababu umemletea jibu kwenye sahani. Umeondoka na jibu lako mwenyewe.

Jibu lake la kwanza huenda likawa "samahani". Usilipokee kama jibu. Mwambie: "Sijakuita uniombe msamaha. Nipitishe kwenye siku yako ya jana, tangu ulipochukua troli." Umwache aeleze chumba kwa chumba, wewe unaandika. Mtu anayeshindwa kujibu swali la "tatizo nini" huwa hashindwi kusimulia siku yake, na katikati ya simulizi ndimo vinatokea vitu: kifyonza vumbi kimoja kwa ghorofa mbili, funguo inayosubiriwa mapokezi, kemikali iliyoongezwa maji hadi haifanyi kazi.

Angalia pia swali lako linaanzaje. "Kwa nini hukumaliza?" kwetu huo ni ugomvi, hata ukilisema kwa upole. "Nini kilikukwamisha?" linauliza habari ile ile bila kidole.

Wakati anasimulia, wewe kichwani unapanga anayosema kwenye mafungu manne: hajui, hawezi, hana vifaa au muda, hataki. Kila fungu lina dawa yake. Asiyejua anaonyeshwa. Asiye na vifaa wewe ndiye mdaiwa. Asiyeweza, kwa afya au kwa jambo la nyumbani, mnatafuta mpangilio mwingine. Barua inahusu fungu la nne peke yake, na fungu la nne ndilo wasimamizi hulikimbilia kwanza.

Mwisho wa kikao. "Nitajitahidi" si makubaliano. Ni neno la adabu la kufunga mazungumzo na mkubwa, kama vile "inshallah" ya fundi. Likitoka, lipokee halafu uliza: "Kesho ukiingia chumba cha kwanza, utaanza na nini tofauti na leo?" Akitaja kitendo, andika. Halafu: "Na mimi unataka nifanye nini?" Andika pia. Karatasi moja ya kaunta buku, mstari katikati, upande wake na upande wako, na tarehe ya kukutana tena, isizidi siku 7. Upande wako ukibaki mtupu ujue hukusikiliza. Kila mmoja anabaki na nakala, hata ya picha ya simu.

Kalamu_Nyekundu

Nakubaliana na afisa, niongeze kitu kimoja ambacho semina nyingi hazisemi: mrejesho, yaani kumwambia mtu kazi yake ikoje, unaweza kushusha kazi yenyewe. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti za mrejesho, matokeo 607 kwa jumla. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba kadiri mrejesho unavyoyaondoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake, ndivyo unavyopoteza nguvu.

Hiyo ndiyo tofauti ya "sakafu nyuma ya mlango wa bafu imebaki na nywele" na "siku hizi umekuwa mzembe." Ya kwanza anaijibu kwa mkono, ya pili anaijibu kwa moyo, na akifika nyumbani bado anaijibu.

Wengi hawalitarajii hili, ila sifa nazo zinaingia humo. "Wewe Mama Zai ni mhudumu wetu bora" ukiisema dakika moja kabla ya kutaja nywele, anaanza kupima hadhi yake badala ya kufikiria bafu. Ndiyo maana siupendi ule mtindo wa sandwichi, sifa juu, lawama katikati, sifa chini. Mtu mzima aliyekaa kazini miaka 9 ameshaujifunza. Ukianza tu na "unafanya kazi nzuri sana" yeye anasubiri "lakini". Kisha sifa zako za kweli, siku ukiwa nazo, hazina tena soko. Kama kuna kazi nzuri, isifie siku ilipofanyika, kwa jina lake: "kona za shuka za 307 leo zimekaa."

Na kuhusu "jitahidi": Locke na Latham, watafiti wa malengo, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba lengo mahususi na gumu linaleta kazi kubwa kuliko kumwambia mtu afanye kadiri awezavyo. Sharti ni awe na uwezo na nyenzo, na awe amelikubali lengo hilo. Kumpangia 13 siku ya chekauti 10 hakukidhi sharti hilo, kwa hesabu ya Bi Fagio hapo juu.

sheria_na_kazi

Nije kwenye barua, maana naona meneja ana haraka nayo.

Uvivu wa makusudi na kutofikia kiwango ni vitu viwili kisheria, na vina njia mbili. Onyo la nidhamu ni la utovu wa nidhamu: kukataa agizo halali, kuchelewa, kudanganya karatasi. Kutofikia kiwango, kwa Tanzania Bara, kunaongozwa na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 17 na 18. Mambo yanayoangaliwa ni kama mfanyakazi kweli alishindwa kufikia kiwango, kama alikijua, kama kiwango chenyewe kina mantiki, sababu za kushindwa, na kama alipewa nafasi ya kutosha kujirekebisha. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo inapohitajika, ampe muda. Na kabla ya uamuzi wa mwisho aitishe kikao ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Ukiyasoma hayo vizuri utaona ni mazungumzo yale yale afisa ameyaeleza, ila yameandikwa. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri. Swali la kwanza kwenu litakuwa: hicho kiwango cha vyumba 13 kimeandikwa wapi, na kinasema nini kuhusu chekauti? Kama jibu ni "kila mtu anajua", barua yenu ina tundu kabla haijasainiwa.

Kumbukumbu ziwe fupi. Tarehe, waliokuwepo, namba zilizotajwa, alichosema yeye kwa maneno yake, makubaliano ya pande mbili, tarehe ya mapitio. Nusu ukurasa inatosha. Usiandike tafsiri yako, mfano "alionekana hana nia". Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, msinakili kanuni za Bara.

Mvita_77

Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, nao wasikilizwe. Hilo la lugha lina maana yake katika hoteli. Meneja anatoka bara au ng'ambo, anazungumza Kiingereza cha ripoti, mhudumu anaitikia "yes" tatu, na faili linasema ameelewa.

Lakini nataka nipingane kidogo na sheria_na_kazi. Kikao cha kwanza usikifanye kiwe cha kumbukumbu. Ukiingia na fomu yenye nafasi ya sahihi, ushalimaliza neno. Huyo mama hatokwambia lolote la ndani. Ile karatasi ya kaunta buku yatosha. Fomu zije kikao cha pili au cha tatu ikiwa hakuna kinachobadilika.

Na usimsahau huyo mwenzake anayenuna. Anasukumiwa vyumba vitatu vya mtu mwingine kila siku na hakuna aliyemuuliza. Mtafute naye kando, dakika tano tu, bila kumtaja Mama Zai kwa ubaya: "Najua unabebeshwa vya ziada. Nalishughulikia, na hadi Ijumaa ijayo nitakwambia mgawo utakaaje." Halafu Ijumaa hiyo umwambie kweli, hata kama jibu ni kwamba bado.

supavaiza_wa_tatu

Nimerudi na karatasi za siku 14. Bi Fagio, umeniaibisha kwa heri.

Tangu mwishoni mwa Februari mapokezi wanawapanga wageni wa usiku mmoja ghorofa ya tatu, upande wa mbele, ili ghorofa za juu zibaki kwa wageni wa mikataba wanaokaa wiki na zaidi. Upande huo ndio wa Mama Zai. Katika siku 12 alizoingia, siku 8 alikuwa na chekauti 9 au zaidi, na ndizo siku 8 zile zile alizofunga na 9 au 10. Mwenzake hajazidi chekauti 5 hata siku moja. Malalamiko ya nywele, 4 kati ya 5 ni ya siku zenye chekauti nyingi. Yale maendeleo ya siku nne baada ya kuitwa ofisini yaliangukia siku ambazo hoteli ilikuwa na kundi la semina, chekauti chache.

Lakini hesabu haijafunga yote. Siku 4 nyepesi, chekauti 6 au chini ya hapo, amemaliza 11 au 12, si 13. Na wenzake wananong'ona kwamba anashika kiuno akiinuka kitandani. Hili la mwili nalileta vipi mezani bila kumfanya aone anaambiwa amezeeka?

Bi_Fagio

Basi umeshapata sehemu kubwa, na hiyo sehemu si yake. Ni ya mapokezi na yako wewe unayegawa vyumba. Kikao chako sasa kinaanza tofauti. Anza na deni lako: "Mama, nimepitia karatasi. Umepewa chekauti 10 wakati mwenzako ana 4. Mgawo nimekosea mimi." Ukisema hivyo na kubadilisha mgawo kesho yake, mlango wa hayo mengine utafunguka wenyewe. Ukitaka kugawa kwa haki acha kuhesabu vyumba, hesabu alama: chekauti alama 2, cha kuendelea alama 1, kila mtu alama 19 kwa siku. Sita za kutoka na saba za kuendelea ndizo 19. Ziandike kwenye karatasi ya mgawo kila mtu azione. Wataanza kubishana na karatasi, si na wewe.

Kiuno usikitaje wewe. Hujaambiwa na yeye, umeambiwa na wanong'onaji, na wewe si daktari. Uliza kazi: "Katika chumba, ni sehemu gani siku hizi inakuchukua muda kuliko zamani?" Akijibu kitanda au beseni la kuogea, uliza kinachoifanya iwe nzito. Akitaka kusema mwili atausema hapo. Asiposema, una jibu la kutosha la kufanyia kazi: magodoro mazito yainuliwe na wawili, mhudumu apige goti kuchomekea shuka badala ya kuinama, brashi ya beseni iwe na mpini mrefu, mashuka mazito yakae rafu ya katikati ya troli na chupa ndogo chini. Hivyo wape wote wa ghorofa, isiwe "vifaa vya Mama Zai".

afisa_wa_watu

Akisema mwenyewe kwamba anaumwa, acha habari ya viwango siku hiyo. Muulize kama amekwenda hospitali, mpe ruhusa ya kwenda, na umwambie cheti akipeleke kwa HR (rasilimali watu), si kwako. Habari za ugonjwa wake hazikai kwenye kaunta buku la idara. Na usimwahidi kitu usichokuwa nacho. "Nitakuhamishia stoo ya mashuka" ni neno la meneja. Wewe sema "nitauliza, Alhamisi nakupa jibu."

Kuhusu meneja wako na barua yake: usimpinge kwa maneno, mpelekee ile jedwali ya siku 14. Mwombe wiki tatu, mgawo mpya wa alama, na umwambie utampa namba kila Jumatatu. Meneja anayeonyeshwa kwamba kosa moja ni la mapokezi huwa ana kitu kingine cha kushughulikia.

Kwenye kufuatilia, kikao cha siku ya 7 kiwe dakika 10, na mwanzo wake ni upande wako wa karatasi: ulichoahidi umekifanya? Kisha wake. Katikati ya hapo kagueni chumba kimoja pamoja kila siku, dakika 5, siku 5 za mwanzo. Namna ya kukagua: yeye atangulie. Simameni mlangoni, muulize "wewe ungekikagua ungeona nini?" Atataja mwenyewe vitatu vinne kabla hujanyosha kidole, na alivyovitaja mwenyewe huvirekebisha haraka. Kwa mtu aliyefundisha wenzake miaka yote hiyo, kumtembeza nyuma yako huku ukipitisha kidole juu ya fremu ya mlango ni kumvunjia heshima bure.

supavaiza_wa_tatu

Asanteni sana. Alama 19 nimeshaipeleka mapokezi na kwa meneja, kikao ni kesho saa 8 mchana stoo ya mashuka. Swali dogo la mwisho kwa Bi Fagio. Yale malalamiko ya nywele, moja lilikuwa siku nyepesi, kwa hiyo si muda tu. Nikikagua naye bafu niangalie nini?

Bi_Fagio

Angalia kinachotangulia kati ya maji na nywele. Mtu akiwa na haraka anafungua bomba kwanza, analowesha bafu zima, ndipo anasugua. Unywele uliolowa unaganda kwenye kigae na kwenye kitambaa, unahamishwa tu kutoka sinki hadi nyuma ya mlango, na ukikauka saa 10 mgeni anaukuta. Nywele zinaondolewa bafu likiwa kavu. Utaratibu ni huu: anaingia, anapulizia kemikali ndani ya choo tu na kuiacha ikae dakika zake zilizoandikwa kwenye chupa, anarudi kuvua kitanda. Akirejea, kabla ya tone la maji popote pengine, anapitisha karatasi ya chooni kavu au kitambaa kikavu kwenye sakafu kuanzia kona ya mbali hadi mlangoni, pembeni ya beseni, juu ya kifuniko cha mtaro, na nyuma ya mlango akiwa ameufunga, maana mlango ukiwa wazi ile kona haionekani. Hapo ndipo maji. Mwisho kabisa, akishakausha, achuchumae mlangoni aangalie sakafu kwa ubavu taa ikiwa imewaka. Ukiwa umesimama unywele mmoja mweusi juu ya kigae cheupe unaweza kuupita, ukichuchumaa hauwezi kujificha.

Na usimwambie hayo wewe. Muulize yeye anawafundishaje wapya kusafisha bafu, atayataja hatua kwa hatua. Kisha muulize siku za chekauti 10 ni hatua ipi huwa anairuka.